Kupiga Rangi na Klia Sehemu za Pikipiki Nyumbani: Tenki, Makava na Madigadi

Kijana wa sheli anajaza tenki hadi shingoni, anachomoa bomba, na matone mawili matatu ya petroli yanateremka ubavuni. Kwa pikipiki ya bodaboda hilo ni jambo la kila siku. Rangi ya kiwandani haijali, unafuta kwa kitambaa na safari inaendelea. Rangi ya kopo iliyopigwa nyumbani wiki iliyopita hulainika, hunata kwenye kitambaa, na kesho yake kuna michirizi iliyopauka chini ya mfuniko. Ndiyo maana kazi hii hupangwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Amua kwanza klia gani itakaa juu, yaani lile tabaka angavu la mwisho linalolinda rangi, ndipo uchague rangi, praima (rangi ya msingi) na msasa.

Mwongozo huu unahusu pikipiki za kawaida za 100 hadi 150 cc, zenye tenki la bati na makava ya plastiki, na mtu anayefanya kazi uani kwa makopo ya kupuliza. Mwenye kompresa atakuta sehemu yake fupi huko mbele.

Klia ndiyo inayoamua

Makopo huandikwa 1K au 2K. Klia ya 1K hukauka kwa kuondoka kwa thina iliyomo ndani yake, basi. Kilichokauka kwa njia hiyo huyeyuka tena kikikutana na kiyeyushi kikali, na petroli ni kiyeyushi. Klia ya 2K ina hadina, yaani kemikali ya kuigandisha. Ikichanganyika na hadina hugeuka kikemikali na kuwa ganda gumu ambalo petroli hailirudishi nyuma tena.

Kwa hiyo makava ya pembeni, madigadi na kava la taa unaweza kumaliza kwa 1K, ukikubali kwamba mng'ao wake hufifia mapema juani. Tenki linataka 2K. Hakuna idadi ya mikono (matabaka) ya 1K inayofikia mkono mmoja wa 2K mbele ya petroli. Mikono sita ya 1K ni ganda nene tu linalolainika polepole zaidi.

Klia ya 2K hupatikana pia kwenye kopo la kupuliza, lenye kitufe chekundu au pini chini ya kitako. Ukikibonyeza, kichupa cha hadina kinapasuka ndani, na kuanzia hapo saa inahesabu. Makopo mengi hudumu kati ya saa 24 na 48, kisha yanaganda ndani. Usibonyeze mpaka tenki liwe tayari mbele yako, limefutwa na halina vumbi.

Sasa jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Hadina ya 2K ina kemikali iitwayo isosayaneti. Ukiivuta inaweza kuamsha pumu ya kudumu hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifua, na mwili ukishaikataa, safari nyingine kiasi kidogo tu kinatosha kukuziba pumzi. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii chochote hapa. Mafundi wa gereji kubwa huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kwa kopo moja nje ya nyumba, kiwango cha chini kabisa ni barakoa ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vipya vya A2P3 (vya kuzuia mvuke wa kemikali na chembechembe), miwani iliyofunika macho pande zote, glavu na nguo ya mikono mirefu. Isosayaneti haina harufu ya kukuonya kwamba kichujio kimekwisha, kwa hiyo kichujio kilichokaa wazi kabatini mwaka mzima si kichujio tena. Ndevu nazo huharibu mbano wa barakoa. Mwenye pumu asiguse kazi hii.

Kama huna barakoa hiyo, njia nzuri na ya bei nafuu ni kugawana kazi. Fanya nyumbani kila kitu hadi rangi, kisha mpelekee fundi rangi wa magari tenki apige klia tu. Kinachokula pesa kwenye bili yake ni saa za msasa, na hizo umeshazifanya wewe. Mwambie ni rangi gani uliyotumia, na mpelekee kipande cha bati ulichokipaka rangi hiyohiyo ajaribie kwanza. Rangi za akriliki kwa kawaida huvumilia 2K. Rangi ya mafuta ya milangoni hukunjamana.

Vitu vya kununua

Kwa tenki moja na makava mawili ya pembeni, kwa makopo ya mililita 400:

- praima ya chuma kopo 1, ya epoksi ikipatikana
- praima ya kujaza kopo 1, ya kijivu au nyeupe
- praima ya plastiki kopo 1, kama makava ni ya PP (maelezo yapo hapa chini)
- rangi makopo 2. Nyekundu na njano chukua 3, kwa kuwa hufunika vibaya
- klia ya 2K makopo 2, la pili likae bila kubonyezwa hadi uone kama unalihitaji
- puti ya magari na hadina yake, kopo dogo
- msasa P120, P240, P400, P600, P1500 na P2000, karatasi mbili kila namba
- tepu ya karatasi ya mafundi rangi, pombe ya isopropili, sabuni ya vyombo, vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi

Angalia herufi P nyuma ya msasa. Kuna msasa wenye namba tupu unaofuata vipimo vya Kimarekani, na namba hizo hazilingani na za P zikipanda juu: P1000 ni sawa na 500 hivi ya Kimarekani. Ukichanganya mafungu mawili utakwaruza pale ulipodhani unalainisha.

Makopo ya rangi yote yanunuliwe siku moja, yenye namba moja ya toleo kitakoni. Fedha ya toleo hili na fedha ya toleo lile zikikutana kwenye tenki moja huonekana kama kiraka.

Kufungua

Fungua tenki kabla ya kitu kingine. Funga koki ya mafuta, chomoa mpira, mwaga petroli yote kwenye dumu lenye mfuniko. Toa koki, geji ya mafuta, mfuniko na mipira ya kukalia. Kila skrubu iingie kwenye mfuko wake ulioandikwa.

Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kilichobaki ndani ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo hulipuka. Liache wazi nje kivulini siku nzima, midomo ikitazama chini, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Usilipeleke karibu na jiko la mkaa, gesi, sigara wala mashine ya kusaga chuma. Msasa wote wa tenki ni wa mkono. Likishapumua, ziba kila tundu. Tundu la koki zibe kwa kipande cha mpira kilichobanwa na skrubu zake, shingo izibe kwa nailoni na tepu. Shingo iliyozibwa vibaya hupumua mvuke wakati wa kupiga rangi, na hapohapo shingoni ndipo rangi itakapobanduka mwezi ujao.

Plastiki gani hii?

Geuza kava utazame ndani. Mara nyingi pamepigwa muhuri, >ABS< au >PP<. Kama hakuna muhuri, kwangua kipande chembamba kama ukucha kutoka ukingo usioonekana, kizamishe kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Kikizama ni ABS au ndugu zake, kikielea ni PP. ABS hushika rangi vizuri ikipigwa msasa. PP haishiki kitu. Bila praima ya plastiki, rangi yake hutoka kama ganda la kitunguu mara ya kwanza pikipiki inapooshwa kwa maji ya presha. Praima hiyo ni nyembamba kama maji na hupigwa mikono miwili myepesi juu ya plastiki tupu, kisha rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi dakika 10 hadi 30.

Thina usiipitishe juu ya ABS. Hulainisha uso na kuacha nyufa ndogo kama nywele zinazojitokeza baadaye chini ya klia. Plastiki ioshwe kwa sabuni, ifutwe kwa isopropili. Jeli ya kusafishia mikono haifai ingawa nayo ni pombe, kwa sababu ina gliserini inayobaki juu.

Kuosha kabla ya msasa

Watu wengi hushika msasa kwanza. Matokeo yake mafuta, grisi na polishi husukumwa ndani ya mikwaruzo, na huko haziondoki tena. Osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto mara mbili, suuza, kausha, ndipo uanze msasa. Pwani, Zanzibar na Mombasa, suuza sana kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, maana chumvi iliyobaki chini ya praima huvuta unyevu na kutoa malengelenge.

Adui mkubwa ni silikoni, na pikipiki za bodaboda zimejaa silikoni kuliko gari lolote. Ile polishi ya tairi na ya siti inayopulizwa kila asubuhi kijiweni huruka hadi kwenye tenki. Tone lisiloonekana linatosha kuifanya rangi ijitenge na kuacha vishimo vya mviringo, ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Wakati wa kazi hii polishi hiyo isipulizwe hata upande wa pili wa ua.

Stika zitoe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, uzivute polepole. Gundi iliyobaki hutoka kwa mafuta ya taa, lakini yenyewe huacha utando, kwa hiyo rudi kwenye sabuni. Ukiona stika iko chini ya klia ya kiwandani, isage kwa P240 hadi kingo zake zisisikike kwa ukucha. Ukipaka juu yake, mstari wake utaonekana daima.

Msasa na puti

Si lazima kuvua rangi yote. Rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri ni msingi bora kuliko praima yako. Pale palipo pazima, piga P400 ya maji mpaka mng'ao wote ufe. Palipobanduka au penye kutu, shuka hadi chuma kwa P120, kisha tanua kingo kwa P240 hadi mpaka wa rangi ya zamani na chuma uwe mteremko mrefu wa sentimita mbili tatu. Pitisha kidole macho yamefumbwa. Kidole kikisikia ngazi, jicho litaiona chini ya klia.

Kutu ing'olewe hadi chuma cheupe. Kutu iliyofunikwa kwa rangi huendelea kula.

Mibonyeo hujazwa kwa puti. Kipimo cha hadina ni asilimia 2 ya uzito, yaani gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Kwa macho, puti ya ukubwa wa limau dogo huchukua mstari wa hadina wa sentimita tatu hivi. Mafundi wenye haraka huongeza hadina ili puti ikauke upesi. Hukauka kweli, lakini hadina iliyozidi hupanda polepole hadi kwenye rangi na kuacha doa, hasa kwenye nyeupe na fedha. Changanya hadi rangi iwe moja bila michirizi, paka ndani ya dakika tatu au nne, unene usizidi milimita 3 kwa mkono mmoja.

Puti ipigwe msasa mkavu, P120 kisha P240, kwa kipande cha mbao au mpira nyuma ya msasa. Vidole vitupu huchimba mitaro. Usitumie maji: puti hunywa maji kama sifongo, na maji hayo yatatoka jua litakapolichoma tenki, yakiinua rangi.

Mahali na saa

Rangi hupigwa nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili, kamwe si chumba wanacholala watu. Gesi inayosukuma rangi kwenye kopo huwaka, kwa hiyo jiko la jirani nalo lihesabiwe. Mwagia sakafu maji ili vumbi litulie, ngoja maji yaliyotuama yakauke.

Chandarua cha zamani kilichotundikwa kama hema kinafaa kuliko turubai. Hewa inapita, majani na wadudu hawapiti. Kinachukua rangi na hakitarudi kitandani, hilo lijulikane mapema nyumbani.

Saa nzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Umande umekauka, upepo wa baharini haujaamka, na bati halijawa kikaango. Jioni wadudu hufuata taa na kufia ndani ya klia. Siku ya mawingu mazito au baada ya mvua acha kabisa. Thina inapoondoka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewa hutua juu yake, na klia inabaki na weupe kama ukungu. Wa Dar es Salaam wakati wa masika wanaujua ukungu huo vizuri. Kwa wa Nairobi mwezi wa Julai tatizo ni baridi, maana rangi hutoka kwenye kopo kwa matone makubwa. Weka kopo kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu dakika kumi. Mkono wako ustahimili maji hayo bila shida; zaidi ya nyuzi 50 kopo linaweza kupasuka.

Tenki likae juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwenye kimo cha kiuno, ili ulizunguke bila kuruka. Makava yafunge kwenye waya kupitia matundu ya skrubu. Usifunge kwa tepu kwa nyuma, huachia katikati ya kazi.

Praima

Chuma tupu kipigwe praima siku hiyohiyo, na pwani ndani ya saa moja, kabla ya wekundu wa kwanza. Vaa glavu. Jasho la kiganja ni chumvi, na alama ya vidole hutoa kutu yenye umbo la vidole.

1. Futa kwa isopropili kwa kitambaa kimoja, kausha kwa kingine kabla haijakauka yenyewe.
2. Tikisa kopo dakika mbili kamili kuanzia pale gololi inapoanza kugonga.
3. Piga praima ya chuma mikono miwili myepesi, dakika 10 kati yake.
4. Ikishakauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, piga praima ya kujaza mikono miwili au mitatu.
5. Iache hadi kesho yake.

Kabla ya kuisaga, pulizia juu yake vumbi jembamba la rangi nyeusi kutoka mbali, mkono ukipita haraka. Kisha saga kwa P600 ya maji na kipande cha mpira. Weusi ukitoweka, uso umenyooka. Ukibaki doa, hapo ni bonde, na ukitokea ukingo wa chuma haraka, hapo ni kilima. Hatua hii ya dakika tano ndiyo inayotenganisha tenki lililonyooka na tenki linaloonekana kama mawimbi chini ya taa za barabarani, na wengi huiruka. Ukitoboa hadi chuma, rudisha praima pale, usiendelee kwa matumaini.

Rangi

Umbali ni shibiri moja, kidole gumba hadi cha mwisho, yaani sentimita 20 hadi 25. Bonyeza kabla hujafika kwenye kifaa, achia ukishakipita. Mkono wote uende sambamba na uso. Ukizungusha kifundo cha mkono kama mtu anayemwagilia mchicha, katikati panalowa na pembeni panabaki vumbi. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia.

Anza na kingo za chini za tenki, kisha mbavu, umalize mgongoni. Mkono wa kwanza uwe mwepesi kiasi kwamba praima bado inaonekana. Hapa ndipo haraka inapoharibu. Mtu anaona rangi haijafunika, anarudia palepale, na rangi inachuruzika. Ngoja dakika 10, piga wa pili, ngoja, piga wa tatu. Mikono mitatu au minne myepesi hufunika.

Njano na nyekundu zipigwe juu ya praima nyeupe au ya kijivu hafifu. Juu ya kijivu kizito utamaliza makopo manne na bado njano itakuwa na sura ya haradali.

Rangi za fedha na zenye chenga humaliziwa kwa mkono mmoja wa mbali, sentimita 35 hivi, kama ukungu, ili chenga zilale sawasawa. Bila huo utaona mabaka meusi na meupe kama ngozi ya pundamilia. Rangi ya chenga haisagwi kabla ya klia, kwani msasa hukata chenga na mkwaruzo hauondoki. Vumbi likitua juu yake, pona yake ni mkono mwingine wa rangi.

Kama unatenga rangi mbili, ya kwanza iache saa 24 kabla ya kubandika tepu. Tepu ivutwe rangi ya pili ikiwa bado mbichi, ikirudishwa juu yake yenyewe kwa mshazari. Gazeti moja halitoshi kufunika, rangi hupenya. Weka mawili, au nailoni.

Klia

Rangi ya kopo huwa tayari ikishakuwa kavu na imefifia yote, kwa kawaida dakika 30 hadi saa moja. Angalia kopo lako. Makopo mengi hutoa dirisha la saa chache za kwanza, au yanataka usubiri siku moja au mbili. Katikati ya nyakati hizo rangi imekauka juu na ni mbichi chini. Klia ikiingia hapo huivimbisha, na uso mzima unakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Ondoa vumbi kwa kitambaa cha kunasa vumbi, bila kukandamiza. Vaa barakoa. Watu na watoto watoke uani. Bonyeza kitufe cha hadina, tikisa dakika mbili zaidi, jaribu kwenye boksi.

Mkono wa kwanza uwe wa wastani, wa kushika tu. Ngoja dakika 10, gusa tepu ya pembeni kwa kidole: ikinata bila kuvuta nyuzi, endelea. Mkono wa pili ndio wenye mng'ao, na huu unataka ujasiri. Nenda polepole zaidi, ukiitazama klia kwa mwanga wa ubavuni ikijilaza na kuwa kioo. Ukiwa mwoga unapata uso wenye vinundu kama ganda la chungwa. Ukizidisha, klia inachuruzika machozi. Tofauti ya hayo mawili ni sekunde moja ya mkono kusita, na ndiyo sababu ya kuanza na kava la pembeni, ambalo ukikosea unalirudia kwa gharama ndogo, na kumaliza na tenki. Kama klia inabaki, mkono wa tatu unafaa kwa tenki, hasa kuzunguka shingo ya mafuta.

Likae kivulini kwa muda wa saa tatu au nne. Ukilitoa juani mara moja, uso hufunga thina ikiwa bado ndani, nayo hutoka kwa kutoboa vitundu vidogo kama vya sindano.

Yakiharibika

Chozi la klia usiliguse likiwa bichi. Kidole hugeuza chozi moja kuwa kiraka cha sentimita kumi. Siku ya pili likwangue taratibu kwa wembe mpya ulioshikwa wima, ukizungukiwa na tepu pande mbili ili usile pembeni, kisha P1500.

Macho ya samaki yakitokea kwenye mkono wa kwanza, simama. Kuongeza rangi huyajaza kingo tu na kuyafanya yawe mashimo zaidi. Ngoja ikauke, saga, osha kwa sabuni, futa kwa isopropili, anza upya. Mkunjamano ukitokea, subiri siku kadhaa ukauke kabisa, saga hadi kwenye tabaka lililoshika, weka praima. Weupe wa ukungu kwenye klia ya 1K mara nyingine huondoka kwa mkono mwembamba wa klia hiyohiyo siku yenye jua kavu. Mdudu aliyenasa mwache hadi kesho, miguu yake hutoka kwa P2000.

Ganda la chungwa na vumbi husagwa baada ya saa 24 za 2K: P1500 ya maji yenye tone la sabuni, kisha P2000, kisha kompaundi (dawa ya kung'arishia) kwa sifongo, mashine ikizunguka taratibu. Kaa mbali na kingo na mistari ya tenki. Hapo klia ni nyembamba kuliko popote, na mpito mmoja unatosha kufika kwenye rangi. Zibandike tepu wakati wa kusaga, uitoe mwisho.

Mwenye kompresa

Bunduki ya kupulizia rangi yenye mdomo wa milimita 1.3 hutosha kwa rangi na klia, praima ya kujaza inataka 1.6 hadi 1.8. Presha ya bunduki ya HVLP (ya hewa nyingi na presha ndogo) ni karibu na bar 2 ukiwa umebonyeza. Klia nyingi za 2K huchanganywa 2 kwa 1 na hadina, thina asilimia 5 hadi 10. Kinachoandikwa kwenye kopo ndicho cha kufuata, na hadina iwe ya kampuni ileile. Weka kichujio cha maji kwenye mpira, maana hewa ya pwani ikikandamizwa hutoa maji mengi, na tone moja ndani ya klia linaonekana kama lengelenge. Bunduki hurusha ukungu mwingi kuliko kopo, kwa hiyo maneno ya barakoa hapo juu yazidishe mara mbili.

Visivyopigwa klia

Ekzosi hupigwa rangi ya joto ya nyuzi 600 au zaidi, juu ya chuma kilichosagwa, bila praima ya kawaida wala klia, zote huungua. Haiwi ngumu hadi iokwe: washa injini dakika 10, zima ipoe, washa 20, zima, washa 30. Itatoa moshi, ni kawaida. Disiki ya breki, mnyororo, nguzo za shoki za mbele zinazoteleza na sehemu za kukaa beringi haziguswi. Namba ya fremu na ya injini zifunike kwa tepu, zisomeke wazi.

Kama umebadilisha rangi kabisa, kadi ya usajili ya Tanzania na ile ya Kenya zote zina sehemu ya rangi. Toa taarifa TRA au NTSA, la sivyo trafiki ataona pikipiki nyekundu yenye kadi ya bluu, na maelezo yako yataanza kwa tabu.

Kufunga

Tenki lirudi baada ya saa 24 kwa uchache, mipira ya kukalia ikiwa mahali pake, vinginevyo mtetemo wa injini utakula klia hadi chuma pale nyuma ya siti. Petroli isimwagike juu yake siku 7 za mwanzo. Jaza robo tatu, na kitambaa kizunguke shingo. Nta ya kung'arisha isubiri siku 30. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hula hata 2K, kwa hiyo ukijaza kikombe cha breki cha mbele geuza usukani ili kisitazame tenki, na likidondoka tone, maji mengi mara moja, kabla ya kitambaa.